Kikombe Namba Arobaini na Moja

Bwenini, Raskazone,
Tanga.
Jumapili ya tatu ya Kwaresima.

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, na Jenifa mwambie kuwa dada yake anamkumbuka, na kwamba asiendelee kuchora paka ndani ya kamusi yangu. Natumaini barua hii itawakuta salama, na kwamba mvua imeanza kuwaonea huruma hapo kambi ya mkonge. Hapa joto limekaa tu. Hata upepo wa baharini ukija unakuja umechoka. Mimi mwili wangu ni mzima. Ninakula, ninahudhuria vipindi vyote, sijaugua malaria tangu tufungue. Lakini nimechoka, Baba, uchovu ambao usingizi hauuondoi, na nadhani ukifika mwisho wa barua hii utajua umetoka wapi.

Barua hii ninampa Dada Ruthi wa duka la hapo kambini, aliyekuja mjini kuchukua bidhaa na anarudi leo jioni. Nimemwomba aitie mkononi mwako mwenyewe. Najua barua zangu huwa unazisoma kwa sauti pale kwenye benchi nje ya kiwanda, na Baba Mdogo Zubeiri hukukatiza kila mstari akiuliza huyu mtoto amejifunza lini kuongea, maana akija likizo hasikiki. Hii usiisomee benchi. Isome peke yako, polepole. Nimeandika herufi kubwa makusudi ili usihangaike na miwani. Ningeweza kuomba simu ya matroni, lakini matroni husimama pembeni akisikiliza, na wewe simu yako huiweka sauti ya nje mpaka nyumba ya sita wanajua nimepata ngapi kwenye Hesabu. Na hata tungekuwa wawili tu, unanijua. Ningesema hamjambo, ningesema sijambo, na salio lingekwisha.

Shule inaendelea. Kidato cha Nne ni kidato cha kukaa. Tunakaa darasani, tunakaa maktaba, tunakaa tena darasani. Mtihani wa kujipima nimekuwa wa pili, na Baiolojia nimekuwa wa kwanza. Mwalimu wa Baiolojia ameniachia ufunguo wa kabati la vitabu, kwa hiyo wenzangu wakienda kucheza netiboli mimi najifungia na kusoma. Wananiita Bibi Kabati. Sijali sana. Kabati halikuulizi kwa nini umenyamaza.

Baba, habari ninayotaka kukupa inahusu kifua chako.

Nilipokuwa nyumbani Krismasi niliziona Jumatatu zako. Jumapili uliimba besi kanisani mpaka nikaisikia kwenye ubao wa benchi nililokalia. Jumatatu jioni ulirudi kutoka chumba cha brashi, kule mnakosugua singa kwa mashine, nyusi zimekuwa nyeupe kwa vumbi la mkonge, ukakaa kwenye ngazi umeshika magoti, ukivuta pumzi moja moja kama unazichagua. Mama akakuletea kikombe cha maziwa. Ukanywa, ukasema vumbi limeshuka. Jumanne ulikuwa afadhali, Jumatano afadhali zaidi, na wote tukasema ni maziwa. Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Nilimuuliza Baba Mdogo Zubeiri, rafiki yako wa mashine moja, kwa nini iwe Jumatatu. Akaniambia kwamba kifua kikipumzika Jumapili kinaota uvivu, kikirudishwa kazini kinagoma. Akasema yeye ni Mwislamu, kwa haki kifua chake kingepaswa kugoma Jumamosi, lakini kimeajiriwa na Wakristo kimefuata kalenda yao. Wewe ulicheka mpaka ukakohoa, na kikohozi kikaendelea baada ya kicheko kuisha. Mama akatazama pembeni.

Unakumbuka mwezi wa kwanza, kabla sijarudi shule, walikuja wale watafiti wa chuo na Daktari Hafsa, wakaweka meza kwenye baraza ya zahanati. Walitaka kila mtu wa chumba cha brashi atoe makohozi ya ndani kabisa, Jumanne alfajiri kabla hajala, Jumatatu ikiwa imeshapita juu yake. Kwa kuwa zamu inaingia mapema, waliruhusu watu wa nyumbani wavipeleke vikombe. Wewe ulinipa chako, namba arobaini na moja kwa kalamu ya bluu. Uliniambia nikibebe taratibu, maana kitu hicho kimetoka mbali.

Mwezi wa pili Daktari Hafsa alikuja hapa shuleni kuzungumza na klabu yetu ya sayansi. Mwalimu akanisukuma mbele, akasema huyu ametoka kwenye mkonge. Daktari akaniuliza baba ni nani na anafanya kazi gani. Nikasema ni Rafaeli, yuko brashi. Akatualika mimi na mwalimu Jumamosi tukaone kazi yao kwenye chumba cha maabara walichopewa mjini. Ni mama mfupi, anaongea haraka, kikombe chake cha chai hupoa kila mara kwa sababu anakisahau. Nitakueleza alichonieleza, kwa maneno yangu, kwa sababu ndicho kinachotokea ndani yako.

Jani la mkonge likipita kwenye korona, ile mashine ya kulichana, linaoshwa kwa maji, na singa zinatoka mbichi. Bakteria wanapenda unyevu huo, wanazaliana juu ya singa. Kisha mnazianika, jua linawaua. Sisi tungedhani mambo yameishia hapo. Lakini bakteria hawa wana koti la nje, na koti hilo lina sumu ambayo haifi na mwenyewe. Inabaki imekauka kwenye singa. Singa zikifika kwenye mashine ya brashi, inapeperuka na vumbi, nanyi mnaivuta. Kwa hiyo, Baba, linalowaumiza si vumbi peke yake. Ni vumbi lililobeba makoti ya wafu.

Ndani ya mapafu, kwenye vile vifuko vidogo vya mwisho kabisa, kuna seli za ulinzi. Zinatambaa, zinameza vumbi na uchafu, zinasafisha. Kazi yao ni ya kimya kimya. Juu ya ngozi ya kila mlinzi kuna molekuli za kushikia; mimi naziita vishikizo, kama vya shati. Mlinzi akiwa ametulia anavyo vichache, vya kumwezesha kusimama na kutembea. Sumu ya lile koti ikimgusa, anatoa vishikizo vingi, ananata ukutani, ananata kwa mwenzake, na kuta za mishipa ya damu nazo zinatoa vyao, ili walinzi wengine waliokuwa wakipita na damu washikwe waingie. Kwa siku moja hilo ni jambo jema, ndivyo mwili unavyopigana. Lakini kwa mtu wa brashi ni kila wiki, mwaka hadi mwaka. Wanajaa, wanashikana, wanamwaga vitu vya kumuunguza adui, na adui hayupo, kuna koti lake tu. Kinachoungua ni pafu. Daktari alisema ziko pia sumu za bakteria wengine zinazofanya kinyume, zinamvua mlinzi vishikizo vyake, akapita juu ya adui bila kumshika. Alisema mwili unaweza kuharibiwa kwa kushika sana na kwa kuachia sana, na kwamba hata wao bado hawajajua yote. Nilipenda alivyokiri hivyo. Kuhusu maziwa alisema ni chakula kizuri, yanakwenda tumboni, na tumbo halina mlango wa kuingilia kwenye mapafu. Jumanne unapata nafuu kwa sababu kifua kimeizoea tena sumu kwa wiki hiyo. Hakijapona, Baba. Kimezoea.

Kisha akatuonyesha. Wana dawa inayonata kwenye vishikizo tu, na ukiiangaza kwa taa yao inawaka kijani. Aliweka kioo cha namba thelathini na nane kwenye darubini. Nilijua hiyo ni ya Baba Mdogo Zubeiri, kwa sababu mkewe alikuwa mbele yangu kwenye foleni siku ile, nikaiona namba yake. Seli zilikuwa zimevimba, zimewaka kijani pande zote, zimeshikana makundi makundi. Aliweka nyingine, ikawa hivyo, na nyingine. Halafu akasema sasa mtaona ajabu, akaweka namba arobaini na moja.

Seli zilikuwa chache, lakini zimetulia. Kila moja imekaa mbali na mwenzake, na ule ukijani ulikuwa hafifu, kama nyuma ya pazia. Daktari Hafsa alisema huyu ndiye baba yangu, ana miaka kumi na tisa kwenye brashi, na walinzi wake ni kama wa mtu ambaye hajawahi kuingia kiwandani. Alisema hajalala vizuri akimfikiria. Amewahi kumuuliza anakula nini, akajibiwa maziwa. Akacheka, akasema akiendelea kukosa jibu itambidi aanze kuamini maziwa. Mwalimu akanipiga bega, akasema hongera, una baba wa chuma. Nilitazama kwenye darubini muda mrefu. Waliniacha, wakadhani nimefurahi.

Wiki ile ile Mama alinipigia kupitia matroni. Akaniambia majibu yamesomwa pale kiwandani, na kati ya watu wote wa brashi wewe peke yako ndiye uliyeonekana mzima. Akasema msimamizi alikupa mkono mbele ya watu. Zubeiri akapiga kelele kwamba mapafu ya Rafaeli yakatwe vipande kila mtu apewe, na sasa kambi nzima wanakuita Baba Maziwa. Waliokutwa na walinzi waliochafuka wakaambiwa wanaweza kuhamia nje, kwenye uanikaji, penye hewa. Wengine wakahama. Zubeiri akakataa. Alisema kama tiba ni maziwa, ng'ombe wapo, na yeye hawezi kumwacha rafiki yake na mashine peke yake. Nawe ukakubali kuziba pengo la waliohama, ukakaa zamu mbili. Mama alisema hayo yote kwa furaha. Mwisho, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, akasema kanisani siku hizi huimbi, unachezesha midomo tu.

Tangu hapo nimekuwa nikifungua kitabu na kusoma ukurasa mmoja mara nne.

Baba, ile asubuhi nilikibeba kikombe taratibu kama ulivyoniagiza. Nilipofika nyuma ya zahanati, pale penye tangi, nilisimama. Nilitaka kuona. Hakuna aliyenituma, ni ile tabia yangu ya kufungua kila chenye kifuniko. Nilifikiri labda vumbi la mkonge linaonekana kwa macho, na nitakuwa na kitu cha kumwambia mwalimu. Nikafungua. Yalikuwa mazito, ya kijivu, na katikati palikuwa na uzi wa damu. Mwembamba, lakini ulikuwa damu. Kikombe kikaniponyoka, kikamwagika chote mchangani.

Nilijaribu kuyazoa. Nilizoa mchanga. Kwenye baraza nilisikia wanaita namba za mwisho, na gari lao lilikuwa limeshawashwa. Wewe ulikuwa tayari ndani ya chumba cha brashi, huwezi kutoka zamu ikishaanza. Ningeweza kwenda mezani nikasema nimemwaga. Maneno mawili tu. Nilikifuta kikombe kwa gauni langu, nikaenda nyuma ya tangi, nikakohoa. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka na koo likawasha, nikapata kidogo. Nikafunga kifuniko, nikapanga foleni. Mke wa Zubeiri aliniuliza mbona macho mekundu, nikasema vumbi.

Kile kifua kizima walichokisifu si chako, Baba. Ni changu. Zile seli zilizokaa kwa utulivu kwenye darubini zilikuwa zangu mwenyewe, na mimi nilizitazama nikiwa nimesimama juu ya miguu yangu, watu wakinipongeza kwa ajili yako.

Nimejiuliza sana kwa nini nilinyamaza. Kwanza nilijiambia ni aibu, kwa kuwa mimi ni mtu wa aibu na kila mtu analikubali hilo. Lakini nadhani kuna kingine, na nikikificha nitakuwa nimekiri nusu. Nilipomwaga, nilimwaga kwa bahati mbaya. Nilipojaza, nilijaza nikijua. Niliuona ule uzi wa damu, nikataka usiwe wako. Nilitaka karatasi yenye namba yako iseme wewe ni mzima. Ikasema. Na kwa karatasi hiyo wewe unavuta vumbi zamu mbili, na Baba Mdogo Zubeiri anakunywa maziwa.

Leo sikupokea Komunyo. Wenzangu walinipita kwenye benchi mmoja mmoja.

Jana, Jumamosi, nilikwenda maabara na mwalimu, nikamwambia Daktari Hafsa. Nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi kwa sababu nilijua sauti itaniacha, nayo ikaniacha kweli, nikampa karatasi. Alisoma. Akasoma tena. Nilitegemea anifukuze. Alikaa kitini kama mtu aliyetua mzigo, akachukua daftari lake, akapiga mstari juu ya namba arobaini na moja, na pale pembeni alipokuwa ameandika maswali mengi kuhusu maziwa akapiga mwingine mrefu. Kisha akasema ameshangaa wiki nyingi jinsi zilivyokuwa seli chache kwa mtu mzima anayekohoa, na hakujiuliza vya kutosha, kwa sababu naye alitaka iwe kweli. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliuliza kitu kimoja tu, kama baba anajua. Nikasema hapana. Akasema yeye atauambia uongozi wa kiwanda kwamba kikombe kilikuwa na kasoro na kipimo kinarudiwa, bila kunitaja, ili uwe na haki ya kuhama kama wengine, lakini kwamba wewe hupaswi kuambiwa na mtu mwingine ila mimi. Ndiyo maana nimekaa hapa tangu tutoke kanisani.

Nakuomba mambo machache, na najua sina haki ya kuomba. Kesho Jumatatu ukiamka usiingie brashi. Mwambie msimamizi unaumwa, maana unaumwa. Nenda hospitali ukapigwe picha ya kifua na kupimwa kifua kikuu pia. Daktari amesisitiza kwamba damu haisubiri utafiti. Na ile damu mwambie Mama. Nadhani ulikuwa ukiificha kama mimi nilivyoificha, na nadhani naye ameshaona, ndiyo maana hutazama pembeni. Jumanne ya wiki ijayo watafiti watakuwa tena kwenye baraza ya zahanati. Nenda pamoja na Baba Mdogo Zubeiri. Yeye hatakubali kuhama mpaka akuone wewe unahama, kwa hiyo pumzi yako inabeba na yake. Ukitaka kumwambia kwa nini, mwambie. Akinitania mbele ya benchi zima nitastahimili. Akiacha kunitania itakuwa mbaya zaidi.

Usinijibu haraka. Kama umekasirika, kasirika, lakini ukiwa umekaa nje penye hewa. Ukiweza kuja siku ya wazazi, njoo. Na usipokuja nitajua, sitauliza.

Msalimie Mama tena, mwambie nimepokea mihogo ya kukaanga na tumekula chumba kizima. Mwambie Jenifa basi achore paka mmoja tu, ukurasa wa mwisho. Wasalimie majirani wote na wanakwaya wenzako wa sauti ya nne. Mungu awalinde, nami anipe nafasi ya kukusikia ukiimba.

Pamoja na barua hii Dada Ruthi atakupa mfuko mdogo wa kaki. Ndani yake kuna kikombe kipya ambacho Daktari Hafsa amekiandika mwenyewe kwa kalamu nyeusi, namba ile ile. Nimekibeba toka maabara mpaka bwenini bila kukifungua. Ukishakijaza, Baba, kipeleke kwa mkono wako. Usimpe mtu yeyote akubebee.

Hata mimi.

Mwanao akupendaye,
Yudith Rafaeli